Jua Moja, Anga Moja: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kurenda Nje Mchana

Mara hii barua nyingi zimeangukia sehemu moja, renda za nje za mchana, yaani picha za majengo tunazotoa kwa kompyuta. Nimechagua zile ambazo zikijibiwa zinawajibia na wengine, baadhi nimezifupisha kidogo. Mnatumia programu tofauti, kuna wa V-Ray, wa Corona, wa Blender, wa Lumion, wa Twinmotion, wa Enscape, sasa siwezi kutaja kila kitufe cha kila programu ila jua ni lilelile kote, ukishalielewa jua vitufe utavipata tu.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa tatu. Renda zangu za nje mchana hazina uhai kabisa, jengo linaonekana kama limekatwa na mkasi likabandikwa. Niliweka jua, upande wa kivuli ukawa giza, nikaongeza taa mbili kubwa pembeni, halafu nyingine juu. Sasa kila kitu kinaonekana ila picha haivutii. Niongeze taa wapi?

Marahaba mwanangu. Usiongeze popote, na hizo tatu ulizoweka zifute leo leo. Nasema hivi kwa sababu ndo tatizo namba moja la renda za mchana na karibu kila picha iliyokufa ninayotumiwa nikifungua faili lake nakuta taa zimejificha nyuma ya miti. Nje mchana kuna vyanzo viwili tu vya mwanga: jua, na anga lenyewe. Cha tatu ni mwanga wa hao wawili unaodunda kutoka chini, kwenye ukuta wa jirani, kwenye majani, na huo programu inaupiga hesabu yenyewe, we kazi yako ni kuipa vitu vya kudundishia.

Sasa kwa nini taa zako zimeua picha? Angalia namba. Siku ya jua kali bila mawingu, sehemu inayopigwa na jua moja kwa moja inapata kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na ukiingia kivulini mahali ambapo anga linaonekana vizuri unapata kama 10,000 mpaka 20,000. Yaani kivuli kina mwanga mdogo mara tano mpaka mara kumi kuliko juani. Hiyo tofauti ndo mchana wenyewe! Jicho la mtu limeizoea toka anazaliwa, hawezi kuieleza ila akiikosa anajua kuna kitu hakipo sawa. Ulipoweka taa za kujaza kivuli ukaipunguza ikawa labda mara mbili, jengo likabaki bila umbo maana umbo tunalisoma kwenye hiyo tofauti, na zaidi ya hapo kila taa imetupa kivuli chake, kwa hiyo chini ya ule ubaraza wako kuna vivuli vinavyoelekea pande tatu kama uwanja wa mpira usiku.

Lakini ulikuwa na sababu, kivuli kilikuwa giza. Sawa, kwa hiyo turudi pale kabla hujaweka taa, tuulize kwa nini kilikuwa giza. Mara nyingi ni moja kati ya haya. Kwanza umeweka jua bila anga, yaani jua limewashwa na mandhari ya nyuma ni rangi tu au picha isiyotoa mwanga, hapo kivuli hakina pa kupata mwanga. Washa anga linalofungamana na jua, kwenye V-Ray na Corona yanakuja pamoja, kwenye Blender kuna anga ya hesabu iliyoingia toleo la 2.90 mwaka 2020 kwa jina la Nishita. La pili, jengo lako linaelea, hakuna ardhi ya kutosha kulizunguka, au ardhi ipo ila umeipa rangi nyeusi tii, kwa hiyo hakuna kinachodunda kwenda juu na dari la ubaraza linabaki jeusi. Tandaza ardhi mpaka mbali, weka na majengo ya jirani hata kama ni maboksi matupu na hata kama kamera haiyaoni. La tatu, eksposha, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera inaruhusu kuingia, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Eksposha ni kamera, sio mwanga. Wengi wakiona picha ina giza wanapandisha nguvu ya jua, ikizidi wanashusha anga, baada ya nusu saa uwiano wa jua na anga umeharibika na hawajui walipotoka. Mimi nakusihi, ukitumia jua na anga la programu acha nguvu zote mbili kwenye 1 kama zilivyokuja, shika kamera. Wapiga picha wana kanuni ya zamani sana, juani weka apacha (tundu la lenzi) f/16 na shata (muda wa kupokea mwanga) iwe sawa na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), yaani ISO 100 shata 1/100 ya sekunde. Hiyo ni karibu EV 15 (EV ni namba moja ya eksposha, ikishuka hatua moja mwanga unaoingia ni mara mbili), na inafanya kazi kwenye kamera ya programu vilevile kwa sababu programu hizi zimetengenezwa kuiga kipimo halisi. f/8 kwa 1/400 ni kiasi kilekile cha mwanga. Kwenye renda huwa napenda kushuka kidogo, EV 14 hivi, picha inafunguka na kivuli kinaonekana bila jua kuunguza kuta. Kwenye Blender anga la Nishita ukiliacha nguvu 1 bila kugusa kitu picha inakuwa nyeupe yote, usiogope wala usianze kupunguza jua, shuka kwenye mpangilio wa rangi ushushe eksposha hatua kadhaa mpaka ukuta mweupe urudi kuwa ukuta.

Ukishafanya hayo kuna kitu kimoja cha kuongeza, nacho sio taa, ni kivuli. Panda miti nyuma ya kamera, upande jua linakotokea, isionekane kwenye picha ila vivuli vyake vianguke kwenye sakafu ya mbele na kidogo ukutani. Mbele pakiwa na madoadoa ya kivuli jicho linasukumwa kwenda kwenye jengo lililo juani. Nimeona picha zilizokaribia kutupwa zikaokolewa na mti mmoja tu ambao hakuna mtu anayeuona.

Habari mwalimu, naomba kuuliza, kivuli changu kina ukingo mkali sana kama kimechorwa na rula. Rafiki yangu kaniambia niongeze saizi ya jua. Nikaongeza mpaka 10 kikawa laini lakini sasa inaonekana kama hakuna jua. Kipi sahihi?

Rafiki yako kakuelekeza mlango sahihi ila mmeingia ndani mno. Jua ukilitazama kutoka duniani lina upana wa kama nusu digrii, 0.53 hivi. Kwa sababu sio nukta, ukingo wa kivuli chake unalainika kadiri kinachotupa kivuli kinavyokuwa mbali na kinapoangukia. Kanuni ya haraka ya kukumbuka: kila mita moja ya umbali, ukingo unafifia kama sentimita moja. Kwa hiyo kivuli cha kizingiti cha dirisha kilicho sentimita 20 kutoka ukutani kitakuwa na ukingo wa milimita mbili, huo ni mkali kabisa na unatakiwa uwe mkali. Kivuli cha ukingo wa paa lililo mita 10 juu kitafifia kama sentimita 9 au 10. Kivuli cha jengo refu la upande wa pili kinakuja kimefifia sana, na majani ya mti mrefu yanatupa miduara myepesi badala ya umbo la jani.

Kwa hiyo ukali wa karibu na ulaini wa mbali vinatakiwa viwepo kwenye picha moja. Kama vivuli vyote ni vikali hata vya mbali, jua lako ni nukta, Blender hebu tazama sehemu ya pembe ya jua iwe 0.526. Kwenye V-Ray saizi 1 ndo jua halisi, ukiweka 2 au 3 unapata hali ya utusitusi kidogo hewani na mtu hashtuki, mi mwenyewe nakaa 2 mara nyingi. Ukiweka 10 umetengeneza jua la digrii tano na zaidi, hilo halipo popote, ndo maana ulihisi jua limepotea.

Halafu angalia saizi ya modeli yako. Kama umemodeli kwa milimita programu ikadhani ni mita, jengo la mita 10 linakuwa la kilomita 10, ukingo wa kivuli cha jua utakuwa na uwiano uleule maana kila kitu kimekua pamoja, ila ukungu na utusi wa hewani vitaharibika na hutaelewa kwa nini. Chora boksi la mita moja kila upande ulilinganishe na mlango, sekunde tano tu.

Mwalimu salaam. Nafanya kazi ya renda kwa kulipwa. Mteja anataka jua liwake mbele ya jengo lake ndo picha iwe na mvuto. Nikiweka mahali halisi pa kiwanja, mbele yote ni kivuli siku nzima. Nikizungusha kaskazini nusu duara inakaa vizuri na mteja anafurahi. Wenzangu wote wanafanya hivyo. Kuna ubaya?

Upo, na nitakwambia wazi kwa sababu jambo hili linaniuma. Renda sio kalenda ya ukutani. Mteja anaitumia kuamua, atatazama ile picha aseme basi hapa mbele tuweke kibaraza cha kukaa asubuhi, hapa tusiweke vizuia jua, hapa tupande maua ya jua. Jengo likisimama anakuta pale mbele ni baridi na unyevu mwaka mzima na nyuma ndo kunaungua, na picha uliyompa ndo iliyomwambia vingine. Mwenye kosa hapo ni aliyezungusha kaskazini.

Kabla hatujafika kwenye ujanja halali, hakikisha kwanza kwamba kweli mbele haipati jua, maana mara nyingi programu yenyewe imesetiwa vibaya. Mafaili mengi ya SketchUp yanaanza yakiwa yamewekwa Boulder, Colorado, Marekani, mtu anachora jengo la upande mwingine wa dunia na jua la Colorado bila kujua. Weka latitudo na longitudo ya kiwanja, weka na majira ya saa ya huko, angalia kama kuna kusogeza saa kipindi cha joto, halafu hakikisha mshale wa kaskazini wa modeli ni ule wa ramani ya kiwanja na sio mhimili wa Y kwa mazoea. Na kumbuka programu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, saa tatu asubuhi iandike 9:00, ukiandika 3:00 utapata giza na utaanza kutafuta tatizo kwenye taa.

Baada ya hapo, jua linakwendaje? Mhimili wa dunia umeinama kama digrii 23.4, kwa hiyo jua la mchana huwa utosini kabisa sehemu zilizo kati ya latitudo 23.4 kaskazini na 23.4 kusini tu, tena mara moja au mbili kwa mwaka. Juu ya hapo kaskazini, jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na chini ya hapo kusini, liko kaskazini mwaka mzima. Walio katikati linawabadilikia, miezi fulani linapita upande huu, miezi mingine upande ule, kwa hiyo ukuta uliokuwa kivulini Desemba unaweza kuwa juani Juni. Hilo peke yake linaweza kumaliza ugomvi wako na mteja, badilisha mwezi!

Hata mbali na ikweta kuna nafasi. Jengo linalotazama kaskazini kwenye latitudo ya digrii 50 kaskazini halipati jua la adhuhuri hata siku moja, lakini mwezi wa Juni jua linachomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi na mapema na jioni uso ule unapigwa na jua la pembeni, la chini, lenye rangi ya joto, tena ndo jua zuri kuliko yote kwa picha kwa sababu linachora kila tofali. Hiyo picha ni ya kweli na unaweza kumwandikia mteja chini yake, Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Na pembe ya jua inabadilisha picha kuliko watu wanavyodhani. Jua likiwa digrii 45 juu ya upeo kivuli kina urefu sawa na kitu chenyewe, likiwa 30 kinakuwa mara 1.7, likiwa 60 kinabaki kama 0.6. Palepale kwenye latitudo 50, adhuhuri ya Juni jua liko digrii 63, ukuta wa mita 10 unatupa kivuli cha mita 5, ila Desemba jua liko digrii 16 au 17 na ukuta huohuo unatupa mita 33, yaani unafunika bustani yote na ya jirani. Mteja anapaswa kuziona zote mbili.

Kama hakuna saa wala mwezi wa kukupa jua mbele, sogeza kamera kwenye kona ili upande wa jua uonekane na upande wa mbele uwe kivulini, nyuso mbili zenye mwanga tofauti ndo zinazolipa jengo uzito. Au jua liwe nyuma ya jengo linachungulia pembeni, ardhi ya mbele iwe ya rangi ya wastani inayodundisha mwanga, eksposha ipande hatua moja hivi, uso unapata mwanga laini wa anga na ukingo wa paa unang'aa. Au renda siku ya mawingu, hilo nitalijibu chini. Njia zipo nyingi ndugu yangu, na zote humdanganyi mtu.

Nimesikia HDRI ndo kila kitu, ukishaweka HDRI huhitaji jua. Mbona mimi nikiweka vivuli vinakuwa hafifu kama moshi? Nyingine zinanitolea vivuli viwili.

HDRI ni picha ya duara zima la mazingira iliyobeba viwango halisi vya mwanga badala ya rangi tu. Mtu aliyeifungua njia hiyo ni Paul Debevec, alionyesha mwaka 1998 namna ya kuangazia vitu vya kompyuta kwa mwanga uliopigwa picha mahali halisi, na toka hapo filamu na sisi wa majengo tunamfuata. Kwa mawingu, kwa rangi za anga na kwa maakisi ya vioo, HDRI nzuri haina mpinzani, anga la hesabu ni safi mno.

Ila jua ni tatizo kwake. Jua linang'aa kuliko anga la bluu lililo pembeni yake mara zaidi ya laki moja, na kamera iliyopiga ile picha inatakiwa ishuke hatua nyingi mno kuweza kulishika bila kulikata. Nyingi hazikushuka vya kutosha. Jua likakatwa kileleni, kwa macho unaona duara jeupe ukadhani lipo, kumbe nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya inayotakiwa. Matokeo ndo hayo, anga lina nguvu jua halina, kivuli kama moshi. Na ukumbuke jua lenyewe ni dogo, kwenye HDRI ya 8K (pikseli kama elfu nane kwa upana) linachukua kama pikseli 12 kwa upana, kwenye ya 2K ni pikseli tatu, ukipunguza saizi ya faili ili kompyuta ipumue unaweza kulisaga na jua nalo.

Jaribu hivi, ardhi nyeupe-kijivu, nguzo moja imesimama, HDRI peke yake. Kivuli cha nguzo kikiwa kizito na ukingo mkali chini, jua lake lipo zima, itumie ilivyo. Kikiwa hafifu, ongeza jua la programu na ulielekeze palepale jua la kwenye picha lilipo, ulinganishe na kivuli hafifu mpaka vilaliane. Vile vivuli viwili vyako vimetokana na hapo, jua lako limekaa upande mmoja na la HDRI upande mwingine. Ukizungusha HDRI zungusha na jua, na kama HDRI ina jua zima usiongeze la pili.

Kuhusu kuitumia kama mandhari ya nyuma, piga hesabu kabla. HDRI ya 16K ina pikseli 16,384 kuzunguka digrii 360, kamera inayoona digrii 60 inapata moja ya sita, kama 2,730 tu. Ukitoa renda ya pikseli 5,000 anga litakuwa na ukungu wa kukuzwa. Kwa hiyo HDRI ifanye kazi ya mwanga na maakisi, anga la nyuma weka picha nyingine kali lakini jua lake litoke upande uleule, mawingu yaliyoangazwa kushoto juu ya jengo lililoangazwa kulia mtu yeyote anaona. Za bure zenye ubora zipo Poly Haven, ziko chini ya CC0, yaani mwenyewe ameachia haki zake, hata kazi ya biashara unatumia bila kuomba.

Kuta zangu nyeupe zinaungua, hazina hata mstari wa plasta, nikishusha eksposha kila kitu kingine kinakuwa giza. Na kivuli kinakuwa cha bluu. Msaada.

Dada nataka ufungue rangi ya ukuta uniambie namba. Nina hakika ni 255, 255, 255. Hiyo maana yake ukuta unarudisha asilimia 100 ya mwanga, na hakuna kitu cha hivyo duniani. Rangi nyeupe nzuri ya ukutani inarudisha kama asilimia 80, ambayo ni kama 230 kwenye kipimo cha 0 mpaka 255. Unaweza kuona ni tofauti ndogo lakini mwanga unadunda, ukidunda mara tano kwenye asilimia 80 unabaki theluthi, ukidunda mara tano kwenye 100 haujapungua hata kidogo, kwa hiyo ubaraza wako unajaa mwanga, kona zinapotea, renda inachukua muda mrefu na chengachenga, yaani vidoadoa kwenye picha, haziishi. Upande wa chini vilevile, usiweke 0. Lami mpya inarudisha kama asilimia 4 au 5, hiyo ni 60 hivi, lami iliyozeeka kama 12, ni 97 hivi. Na 128 ambayo watu wanaiita nusu inarudisha kama asilimia 22 tu, nusu yenyewe iko 188. Nenda kwenye materiali zako zote kubwa, kuta, sakafu, majani, uziweke kati ya hapo. Kazi ya robo saa na inarekebisha picha kuliko taa yoyote.

Kisha angalia namna programu inavyogeuza mwanga kuwa rangi za skrini. Mpangilio wa kawaida wa sRGB unakata kila kinachozidi nyeupe. Blender tumia AgX, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2023, au Filmic kwa matoleo ya nyuma yake, na Corona ina hailaiti kompresheni (kubana sehemu zinazong'aa sana) unayoipandisha taratibu, V-Ray ina Highlight Burn unayoishusha taratibu, mpaka plasta irudi, ila ukizidisha picha nzima inakuwa ya kijivu kama imefuliwa, hapo ongeza kontrasti kidogo uiamshe.

Kivuli cha bluu ni cha kweli, usikichukie. Jua la adhuhuri liko kama kelvini 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu), anga la bluu tupu linapita kelvini 10,000, na kivuli kinaangaziwa na anga kwa hiyo lazima kiegemee bluu. Weka waiti balansi ya kamera, yaani mwanga ambao kamera inauhesabu kuwa mweupe, kati ya 5,500 na 6,500, ukuta wa juani uwe na joto kidogo na kivuli kiwe na ubaridi kidogo. Kikizidi sana, tafuta kwanza ardhi na vitu vya jirani kama vipo, maana bluu tupu inakuja pale ambapo hakuna kitu kingine kinachodundisha rangi ya udongo au majani. Tabiditi nayo, yaani utusi wa hewani, ukiipandisha kidogo anga linakuwa jeupe-jeupe, jua linapata njano, bluu inapungua. V-Ray inaanzia 2, mi nakaa 2.5 mpaka 4 na juu ya hapo ni hewa ya vumbi kweli.

Vioo vya madirisha yangu mchana ni mashimo meusi. Niwashe taa za ndani?

Ndani ya chumba cha kawaida kuna luksi 300 au 500, nje kuna laki. Kwa hiyo dirisha kuwa jeusi-jeusi mchana ni asili, na ukiwasha taa za ndani mpaka zishindane na jua unapata jioni iliyochanganyika na adhuhuri. Kinachokosekana ni kitu cha kuakisi. Kioo kinarudisha kama asilimia 4 kwa kila uso ukikitazama uso kwa uso, kinapanda sana ukikitazama kwa pembe kali, sasa nyuma ya kamera yako kuna nini? Kama ni utupu kioo kitaakisi utupu. Weka miti, majengo, anga lenye mawingu. Ndani weka mapazia mepesi karibu na kioo, na ukuta wa nyuma wa chumba uwe wa rangi nyepesi.

Cha kuangalia kingine, kioo chako kinapitisha jua? Kwenye programu nyingi kioo chenye unene na kupindisha mwanga kinazuia jua moja kwa moja, chumba kinakuwa pango. Tafuta chaguo la kioo chembamba, au kioo kisichozuia vivuli, jua liingie liangukie sakafuni. Kale kamstari ka jua kanakoonekana ndani ndo kanakofanya mtu aamini kuna chumba.

Siku ya mawingu inarendwa kweli au ni kuogopa jua?

Inarendwa na inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Mawingu yakitanda mwanga unaweza kushuka kutoka laki mpaka luksi elfu chache, kivuli cha kueleweka hakuna, na EV inashuka karibu 12, kwa hiyo kamera ifunguke hatua tatu hivi. Hapo materiali ndo zinaongea, zege, mbao, matofali, shaba, rangi zake zinajaa kwa sababu hakuna mng'ao unaozifunika. Usizime tu jua ukaacha anga la bluu, utapata picha ya bluu isiyo na maana, tumia HDRI ya mawingu halisi ambayo upande mmoja wa anga una mwanga zaidi kidogo kuliko mwingine, ili jengo libaki na umbo. Lowesha ardhi sehemu sehemu. Weka ukungu mwepesi vitu vya mbali vififie. Kwa majengo yenye maumbo yaliyojipinda sana jua kali linayavuruga, mawingu yanayasoma vizuri.

Kompyuta yangu ni ndogo, kila jaribio la mwanga linachukua saa nzima. Nifanyeje?

Usijaribu mwanga kwa renda kamili. Funika modeli yote kwa materiali moja ya kijivu ya 180 hivi, acha vioo tu viwe vioo, ficha nyasi na miti isiyotupa kivuli kwenye jengo, toa picha ya pikseli 800 kwa upana na kiondoa chenga kikiwa kimewashwa. Utaona jua na kivuli ndani ya dakika chache. Toa hivyo picha za asubuhi saa mbili, saa nne, saa nane mchana na saa kumi jioni, ziweke pamoja skrini moja, chagua, halafu ndo urudishe materiali na nyasi. Nyasi na miti weka kama nakala za kitu kimoja, sio kila mti faili lake, kumbukumbu ya kompyuta itapona. Ile ya kijivu usiifute, ihifadhi, siku picha ya mwisho ikigoma unairudia uone kama shida ni mwanga au ni materiali.